Mgeni wa Pili Hana Jina

"Anamtaka Kelvon. Si nahodha mwingine. Ameandika mara mbili, tazama mwenyewe."

Shondelle aliigeuza kompyuta upande wa mwenzake huku akitafuna barafu kwa kelele.

Arlitha Noel alivuta kiti. Miaka sita sasa alikuwa akiwapangia wageni matembezi katika ofisi hiyo ndogo ya Hillsborough, hatua chache kutoka gati la kisiwa cha Carriacou, na maombi ya ajabu alishayazoea. Kuna aliyewahi kutaka apelekwe kisiwa kisicho na mbu. Kuna aliyetaka aahidiwe kwa maandishi kwamba ataona kasa. Lakini barua hii ilimfanya ainamie kioo na kuisoma taratibu.

"Jumatatu, kuogelea Sandy Island asubuhi, kabla watu hawajajaa. Jumanne, kushuka kwa miguu hadi Anse La Roche. Chakula kiwe ugali wa coo-coo na konokono wa baharini, lambi, wa mchuzi, tukalie kwenye kijipango kilicho kushoto mwa ufuo, nyuma ya lile jiwe kubwa. Jumatano, kisiwa cha Petite Martinique. Alhamisi, ngoma. Ijumaa msitupangie kitu, tutakaa Windward kutazama mashua zikiundwa. Tuko wawili. Nahodha awe Kelvon Bedeau. Nasisitiza, Kelvon Bedeau. Jina la mgeni wa pili nitalitoa nikifika. Eudora Alleyne, Toronto."

Macho ya Arlitha yaliganda kwenye neno kijipango. Ndani ya kijipango hicho, mwaka uliopita, Kelvon alimvisha pete. Alimwambia, "Hapa hapajui mtu, Arli. Mgeni hajawahi kukanyaga."

"Shoga," Shondelle alisema, "mimi nimezaliwa hapahapa na hicho kijipango sikijui. Mtu wa Toronto kakijuaje?"

"Labda kaona mtandaoni."

"Labda. Na labda huyo mgeni wa pili asiye na jina ni malaika Gabrieli."

"Shondelle, kazi yako huna?"

"Ninayo. Ila hii yako ni tamu zaidi."

Kelvon alipita mchana, shati limelowa maji ya chumvi, kashika samosa mbili ndani ya karatasi, moja yake na moja ya mchumba wake. Ndivyo alivyokuwa, mtu wa mkono wazi na kicheko cha karibu. Arlitha hakuigusa samosa.

"Kelvon, unamjua mtu anaitwa Eudora?"

Alikuwa anatafuna. Akaacha kutafuna.

"Eudora gani?"

"Eudora Alleyne. Wa Toronto."

"Mimi napakia wageni mia kwa mwezi, Arli. Nitawajua wote majina?"

"Huyu anakujua wewe jina na ubini."

"Basi sifa zangu zimevuka bahari." Alijaribu kucheka. Simu yake ikatetemeka juu ya meza, naye akailaza kifudifudi haraka kama mtu anayefunika chungu.

"Nani huyo?"

"Watu wa injini. Wananisumbua tangu juzi."

"Si uwajibu?"

"Nitawajibu nikitoka." Akambusu kwenye paji la uso, akaondoka, samosa yake kaisahau mezani. Kelvon Bedeau hakuwahi kusahau chakula tangu azaliwe.

Arlitha alisubiri mpaka Shondelle akaenda benki. Akapiga simu Toronto.

"Halo?" Sauti ilikuwa laini, kama ya mtu aliyekuwa anacheka kabla ya kupokea.

"Bi Alleyne, napiga kutoka ofisi ya matembezi, Carriacou. Nakamilisha ratiba yako. Njia ya kwenda Anse La Roche ni mteremko wa mawe. Huyo mgeni wa pili ataimudu?"

"Ataimudu! Anaijua kuliko mbuzi wa huko."

"Anaijua? Kwa hiyo ni mtu wa hapa?"

Eudora alishusha sauti.

"Umesema unaitwa nani, binti?"

"Sijasema. Naitwa Arlitha."

"Yesu wangu! Arlitha wa Kelvon?" Kicheko kilikauka. "Basi mimi sijasema kitu. Nimeahidi. Kelvon mwenyewe atakueleza wakati ukifika. Usinichukie, mpenzi wangu."

Simu ikakatwa.

Arlitha alibaki na mkono wa simu sikioni, anasikiliza mlio. Usinichukie! Mtu asiye na hatia huomba asichukiwe?

Siku zile alianza kumchunguza Kelvon kwa jicho la askari wa forodha. Akamwona anaenda pembeni na simu kila jioni, kisha anatelemka kuelekea banda la baba yake, Mzee Cuthbert, muunda mashua wa Windward. Akimuuliza, anajibu, "Nakwenda kumsaidia mzee, macho yake yanazidi kufifia." Banda gani hilo linalosaidiwa kwa simu mkononi?

Na harusi yao je? Kila mara ilisogezwa mbele, na sababu ilikuwa ileile. Mama yake Kelvon, Bi Ianthe, alikuwa amefariki miaka minne iliyopita na kaburi lake lilikuwa bado halijawekwa jiwe. Mila ya Carriacou ni kwamba marehemu hajapumzika mpaka jiwe liwekwe na karamu yake ifanyike, na ndugu wa Bi Ianthe walikwishasema wazi kwamba nyumba ile haitaona harusi kabla ya karamu. Arlitha alikubali kungoja. Sasa alijiuliza alikuwa anangojea nini hasa.

Jumapili walikula pamoja nyumbani kwa akina Bedeau. Baada ya chakula Mzee Cuthbert aliomba apelekwe bandani akapapase mbao zake, maana yeye, mwenye jicho moja lililokufa na jingine linalofuata, alizijua mbao kwa vidole. Kelvon akamshika mkono wakatoka. Simu ikabaki karibu na bakuli la saladi.

Ikatetemeka. Arlitha aliapa hataigusa. Ikatetemeka tena.

"Sikulala jana," ujumbe ulisema. "Nimekumbuka ulivyonibeba mgongoni kuvuka yale mawe, na mkono wako kiunoni mwangu kijipangoni. Niambie hutabadili mawazo. E."

Vidole vyake vilipanda juu vyenyewe kutafuta jibu lililotangulia. Akalipata, limetoka kwenye simu ya Kelvon, limeandikwa Ijumaa.

"Dora wangu. Moyo huu ulikuwa umefungwa, wewe umeufungua tena. Vumilia kidogo tu. Hapa siwezi kumwambia mtu yeyote. Jiwe likishawekwa, nitakuwa huru."

Nitakuwa huru. Arlitha alisoma maneno hayo mpaka yakapoteza maana, kisha yakarudi na maana mbaya zaidi. Kumbe jiwe lilikuwa linangojewa ili yeye aachwe!

Kelvon aliporudi alimkuta anasugua sufuria.

"Mbona kimya, Arli?"

"Nimeshiba."

Asubuhi ya Jumatatu aliingia ofisini kabla ya Shondelle. Aliandika kwa lugha ya kazi, bila kosa hata moja la tahajia.

"Mpendwa Bi Alleyne. Bwana Bedeau ameniomba nikujulishe kwamba amebadili mawazo. Hapendi uje. Tafadhali usimwandikie tena. Wako mtiifu, A. Noel."

Akabonyeza. Ikaenda. Jibu lilifika baada ya chakula cha mchana.

"Nimeelewa. Mshukuru kwa kunipa miezi saba ya kuwa msichana tena. Sitawasumbua."

"Kuwa msichana tena?" Shondelle alisoma akiwa amesimama nyuma yake. "Ana miaka mingapi huyo?"

"Hainihusu. Amekwisha."

"Na Kelvon umemwambia?"

"Nitamwambia siku ya jiwe. Anataka uhuru wake, nitampa mbele ya watu."

"We Arlitha, nakuogopa."

Zilipita siku tisa. Kelvon alikonda ghafla. Alikuwa akiitazama simu, anaiweka, anaitazama tena. Kila jioni alitelemka bandani na kila jioni alirudi na uso uliozidi kuporomoka. Arlitha aliona yote na akajiambia anafurahi. Hakuwa anafurahi. Alikuwa akijilaza na kumwona mwanamke mwenye sauti laini akibebwa mgongoni, na mto wake ulikuwa unalowa.

Siku ya karamu ikafika. Jiwe la Bi Ianthe liliwekwa saa nne asubuhi, ardhi ikanyunyiziwa ramu na maji, wanawake wakaimba, na watu wakarudi nyumbani kula. Meza ya wahenga ilikuwa imeandaliwa ndani, nyama isiyotiwa chumvi, chakula cha roho zao. Nje masufuria ya wali na mbuzi yalikuwa yakifuka moshi na watu wakawa wanacheka kwa sauti, maana jiwe likishakaa huzuni inaruhusiwa kuondoka.

Mzee Cuthbert peke yake hakula. Alikaa kwenye benchi la bandani, fulana nyeupe imefungwa mpaka shingoni, sahani mapajani imejaa nzi.

Arlitha alimfuata Kelvon aliyekuwa anachota maji kwenye tangi. Akaivua pete, akamwekea kiganjani.

"Jiwe limewekwa. Uko huru."

"Nini?"

"Si ndivyo ulivyomwandikia? Jiwe likishawekwa, nitakuwa huru. Haya, nenda. Mbebe mgongoni."

Ndoo ilimponyoka. Shangazi wawili waliokuwa wanaosha vyombo waliacha kuosha.

"Umesoma simu yangu?"

"Nimesoma. Uniue?"

"Arli, yale si maneno yangu."

"Simu ni yako, vidole ni vyako, maneno ni ya nani? Ya injini?"

Kelvon aliwatupia jicho wale shangazi. Kisha akamshika kifundo cha mkono, akampeleka bandani na kusukuma mlango nyuma yao.

"Baba. Mwambie."

"Nimwambie nini?"

"Kila kitu. La sivyo mimi leo nakosa mke."

Mzee Cuthbert aliweka sahani chini. Aligeuza uso kule ilikotoka pumzi ya Arlitha.

"Maneno ni yangu, mwanangu. Mkono tu ndio wa Kelvon."

"Sielewi, Baba."

"Mwaka ambao hata sijamjua Ianthe, alikuja hapa nesi kutoka Barbados. Alikaa mwaka mmoja hospitalini pale juu. Dora. Mimi ndiye niliyempeleka Anse La Roche, mimi ndiye niliyekionyesha kijipango. Kelvon nilimwonyesha baadaye, alipokuwa mtu mzima. Dora akapata kazi Canada, mimi nikawa na mashua niliyoikatia mbao. Nikachagua mashua. Siku anaondoka sikwenda hata gatini." Alipapasa goti lake. "Mama yake Kelvon nilimpenda, msinielewe vibaya. Miaka thelathini na moja nilimpenda. Lakini naye amekwenda, na Dora naye alimzika mumewe. Mwaka huu aliona picha ya mashua yangu, ile Kelvon aliyoiweka mtandaoni, akaandika kuuliza kama Cuthbert Bedeau yu hai."

"Mimi nikamsomea," Kelvon alisema. "Yeye hasomi tena, na kupiga simu hataki."

"Ningesikia sauti yake ningelia. Mzee kulia kwenye simu ni aibu. Nikamwapisha Kelvon asimwambie mtu, hata wewe, mpaka jiwe la Ianthe likae. Ndugu zake wangesema nini? Kwamba namtafuta mwanamke na mke wangu hajapumzika?"

Arlitha alirudi nyuma hatua moja. Akajishika kwenye ubavu wa mashua isiyokamilika.

"Na sasa jiwe limekaa," mzee akaendelea, "na yeye kanyamaza. Siku tisa. Kelvon anaandika, ujumbe haufiki. Nadhani amekufa. Au amenichoka, ni sawa, lakini nadhani amekufa."

Ilikuwa rahisi kunyamaza. Hakuna aliyejua isipokuwa Shondelle. Arlitha aliutazama uso ule uliokuwa unatazama pasipo na kitu, na machozi yakamtangulia.

"Hajafa, Baba. Mimi nilimwandikia asije."

"Wewe?" Kelvon alisogea.

"Nilimwandikia kwamba Bwana Bedeau amebadili mawazo. Nilidhani Bwana Bedeau ni wewe!"

"Arlitha, kwa nini hukuniuliza?"

"Nilikuuliza! Mchana kweupe nilikuuliza, ukaniambia Eudora gani! Ukaniambia watu wa injini! Ningekuuliza mara ngapi, Kelvon, nikupigie magoti?"

"Nilikuwa nimeapa!"

"Uliapa kunyamaza. Hukuapa kunidanganya."

"Nyamazeni nyote wawili," Mzee Cuthbert alisema. Midomo yake ilionekana kama inataka kutabasamu. "Amesema yu hai. Mmesikia? Yu hai." Akavuta pumzi ndefu. "Kosa ni langu. Niliitia siri yangu mfukoni mwa kijana mwenye mchumba. Sasa, binti, wewe ndiye uliyeifunga njia. Ifungue."

Arlitha alitoa simu yake mwenyewe. Iliita mara nyingi.

"Halo?"

"Bi Eudora, ni Arlitha. Tafadhali usikate. Barua ile ilikuwa uongo wangu."

Akaeleza yote bila kujipamba, simu alivyoisoma, alivyodhani ni Kelvon, alivyoandika.

"Binti, mimi nina miaka sitini na sita," Bi Eudora alisema hatimaye, na sauti haikuwa laini tena. "Nilinunua nguo ya kuogelea. Unajua ni nini kwa mwanamke wa umri wangu kusimama dukani na kununua nguo ya kuogelea? Nilipopata barua yako niliikunja nguo ile nikaiweka chini kabisa ya sanduku. Nikasema, mjinga wewe, uliachwa gatini mara moja haikukutosha."

"Nisamehe, Mama."

"Kusamehe nitakusamehe. Lakini nguvu za kuaibishwa mara ya tatu sina. Mpe salamu zangu. Kwaheri."

"Mama, ngoja."

Mkono mkavu ulimpapasa Arlitha begani, ukateremka mpaka kwenye simu, ukaichukua. Mzee aliishika kwa mikono miwili kama kifaranga.

"Dora."

Arlitha na Kelvon walisogea karibu wasikie.

"Cuthie?"

"Ni mimi. Sauti imezeeka, nivumilie."

"Unalia, Cuthie?"

"Nalia. Niache nilie. Dora, gatini sikuja kwa sababu ningekuja ningepanda meli. Niliogopa. Sasa jicho moja limekwenda na la pili linafunga mlango. Daktari kaniambia mpaka Krismasi. Njoo nikuone kabla halijafunga."

Wakasikia anapenga kamasi huko mbali.

"Utaona nini, mzee wa watu? Nimenenepa."

"Vizuri. Nitakuona kirahisi."

Kilikuja kile kicheko Arlitha alichokisikia siku ya kwanza, safari hii kimechanganyika na kwikwi. "Tiketi sijaifuta," Bi Eudora alisema. "Kila asubuhi nakaa kuifuta, halafu napika chai."

Arlitha na Kelvon walitoka wakamwacha mzee na simu. Nje karamu ilikuwa imechangamka na mtu alikuwa anapiga fidla.

"Pete yangu," Arlitha alisema kwa sauti ndogo.

"Ninayo." Kelvon aliitia mfukoni mwa shati, akafunga kifungo. "Na itakaa hapa kwanza. Nina hasira, Arli."

"Hata mimi ninayo."

"Basi tuko sawa."

Meli ya kutoka Grenada ilifika Jumamosi ya wiki iliyofuata, jua likiwa utosini. Bi Eudora aliteremka na kofia pana na viatu vya kupandia mlima. Alimpita Kelvon, akasimama mbele ya Arlitha, akamtazama juu hadi chini.

"Wewe ndiye mwandishi wa barua?"

"Ndiyo, Mama."

"Unaandika vizuri. Usirudie." Kisha akamvuta akamkumbatia mpaka kofia ikaanguka, na kutoka kwenye kumbatio hilo akamwona Mzee Cuthbert, amesimama mwisho wa gati na shati lililopigwa pasi, kageuza kichwa pembeni ili jicho lake lililobaki lipate kuona. Akamwacha Arlitha. Kofia nayo akaiacha.

Jumatatu, Arlitha alikuwa amepanga kila kitu barabara. Mashua imeoshwa, maji ya baridi yamo, mikate ya kukaanga ya bakes na samaki wa moshi vimefungwa, safari ya Sandy Island saa mbili kamili. Saa mbili ikapita. Saa tatu Kelvon akaenda Windward kuwatazama, akarudi anatikisa kichwa.

"Hawaji."

"Wanaumwa?"

"Wako kwenye benchi la bandani. Wanabishana kama mwaka ule kulikuwa na mvua nyingi au kidogo. Wamenifukuza. Eti ratiba yako ni nzuri sana, lakini tuwaache."

"Na Anse La Roche kesho?"

"Wamesema labda. Wamesema tusiwaharakishe."

Arlitha alitazama kapu la chakula. "Siku nzima nimeipanga, Kelvon. Chakula cha watu wawili."

Kelvon alishuka ndani ya mashua, akawasha injini, akanyoosha mkono. "Sasa panda."

Waliendelea mpaka mchanga mweupe wa Sandy Island ulipokuwa karibu kiasi cha kuhesabu ndege juu yake. Hapo Kelvon akazima injini.

"Nilikudanganya machoni," alisema. "Kiapo kilikuwa cha baba, uongo ulikuwa wangu. Ningeweza kukwambia, Arli, kuna jambo, si langu, ningojee. Ungeningojea?"

Arlitha alifikiri kwa kweli kabla ya kujibu. "Ningenuna. Lakini ningengoja."

"Na siku nyingine ukiona kitu?"

"Nitakushika shati nikuulize mpaka unijibu. Sitaandika barua."

Kelvon alifungua kifungo cha mfuko. Mashua iliyumba, pete nusura idondoke majini, wakaidaka wote wawili kwa pamoja, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi wakacheka mpaka wakakaa chini.

Walioana Novemba, kanisa la Hillsborough, Shondelle akiwa msimamizi na akitafuna kitu hata altareni. Bi Eudora alikuwa mstari wa mbele. Alikuwa amerudi Toronto kufunga nyumba yake, akaja tena na masanduku manne. Kasisi alipomaliza, Mzee Cuthbert alimwinamia Dora wake akamuuliza ni nini alichovaa bibi harusi, naye akamweleza kila ushanga, polepole, kutoka kola mpaka pindo.